Mbuzi, Mabaharia na Jua: John Craxton na Kosa la Kuwa na Furaha

Mwaka 1946, vita vimekwisha na London bado imejaa vifusi, vijana wawili walijikuta katika kisiwa cha Poros, Ugiriki, si mbali na bandari ya Piraeus. Wote walikuwa wachoraji, wote walizaliwa mwaka 1922, na kabla ya hapo walikuwa wameishi nyumba moja London kwa hisani ya Peter Watson, tajiri aliyegharamia jarida la fasihi la Horizon. Wa kwanza ni Lucian Freud. Alikaa Poros miezi kama mitano, akajichora akiwa dirishani, uso mkavu, macho hayana salamu, na mbele yake ameweka mbaruti wenye miiba. Kisha akarudi zake London.

Wa pili ni John Craxton. Huyu alichora wavuvi, mbuzi, miti iliyopinda kwa upepo, watu wanaokula na watu waliojilalia kivulini. Na hakurudi. Yaani mwili ulirudi mara nyingi, maana ndugu zake walikuwa Uingereza na wanunuzi wa picha walikuwa Uingereza, lakini tangu mwaka ule hadi alipofariki mwaka 2009 karibu kila alichokichora kilikuwa Ugiriki.

Mwisho wa hadithi hizi mbili pengine unaujua, msomaji. Mwaka 2008 picha moja ya Freud iliuzwa kwa dola milioni 33.6, na wakati ule hakuna mchoraji aliye hai aliyewahi kuuza kwa bei hiyo. Craxton naye kwa miaka mingi alitajwa kwenye tanbihi: yule rafiki wa Freud, yule waliyekuwa wakitajwa pamoja katika miaka ya 1940, kijana aliyekuwa na kipaji halafu akakipeleka juani kikayeyuka. Ukiisoma vizuri sababu inayotolewa utacheka kidogo. Eti alikuwa na furaha mno.

Shtaka hilo nataka kulichukulia kwa uzito, kwa sababu haliwahusu wachoraji peke yao. Sisi wasomaji wa fasihi tunalo pia. Muulize mpenzi yeyote wa riwaya ya Kiswahili akutajie riwaya “nzito”. Kabla hujamaliza swali atakuwa ameshasema Kichwamaji. Uzito kwetu ni kilio. Mwandishi akifurahi tunamshuku, tunaona kuna kitu hakukiona, au amekiona akakikwepa. Kesi ya Craxton inafaa kulipima jambo hili, kwa kuwa kuna picha ambamo shtaka linamshika barabara, na kuna nyingine ambamo linaanguka lenyewe.

Tuanze na alikotoka. Baba yake, Harold Craxton, alikuwa mpiga piano na mwalimu wa muziki, na nyumba yao ilikuwa ya watoto wengi, wageni wengi na pesa kidogo. Mwaka 1941 jeshi lilimkataa John kwa ajili ya ugonjwa wa kifua. Wenzake wakaenda vitani, yeye akabaki akichora kwa wino na chaki. Picha za wakati huo ndizo zilizomjengea jina. Poet in Landscape ya mwaka 1941 na Dreamer in Landscape ya mwaka 1942 zinaonyesha jambo lile lile: kijana peke yake, mshairi au mwota ndoto, amezungukwa na mimea iliyomkaribia kuliko kawaida. Majani yana meno. Mizizi inatambaa kama inamtafuta. Ukizitazama unaelewa mara moja kwamba kuna mabomu mahali fulani, ingawa hakuna bomu lililochorwa. Wahakiki walizipenda sana, wakamweka Craxton katika kundi la waliloliita la Mapenzi-Mapya (wafuasi wa mapokeo ya William Blake na Samuel Palmer), jina ambalo mwenyewe hakulipenda hata kidogo. Alipendelea kuitwa mchoraji wa Arkadia.

Arkadia, kwa asiyeifahamu, ni wilaya halisi ya milimani huko Peloponnese, lakini katika fasihi ni nchi ya kufikirika, nchi ya wachunga mbuzi wanaopuliza filimbi na kuimbiana mashairi chini ya miti. Chanzo chake ni Theokrito, mshairi Mgiriki wa karne ya tatu kabla ya Kristo. Virgil wa Roma akaichukua, na kutoka kwake ikasambaa Ulaya nzima. Siri ya Arkadia ni kwamba kwa kawaida waandishi wake ni watu wa mjini. Mchunga mbuzi mwenyewe hana muda wa kuandika jinsi uchungaji ulivyo mtamu, ana mbuzi wa kufukuza.

Hapo ndipo Craxton anapotofautiana na wenzake, na wahakiki waliomsema kwamba “alikimbilia ndoto” hawakupaangalia vya kutosha. Wageni waliokwenda visiwa vya Ugiriki na kuvitumia ni wengi. Henry Miller alipita mwaka 1939 akaandika kitabu. Lawrence Durrell aliandika cha Corfu, kisha cha Rhodes. Leonard Cohen alinunua nyumba Hydra mwaka 1960. Wengi wao walichukua walichokitaka wakaondoka. Craxton alijifunza Kigiriki, kile cha bandarini na cha vijijini. Akaenda Krete kwa mara ya kwanza mwaka 1947, na mwaka 1960 akahamia Chania, kwenye nyumba iliyo jirani na ile bandari ya kale ya Waveneti. Mbuzi aliowachora ni mbuzi aliowajua: wachoyo, wajanja, wanaopanda mti kufuata jani moja. David Attenborough, yule wa filamu za wanyama, alikuwa rafiki yake na mnunuzi wa picha zake, na mimi sishangai.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe. Kitu cha kwanza kilichobadilika Ugiriki ni mstari. Katika picha za London mstari wa Craxton ulikuwa mweusi, umekunjamana, unajificha kwenye vivuli. Ugiriki ukanyooka, ukawa na rangi. Kadiri miaka ilivyokwenda akaanza kuzungushia umbo moja mistari miwili mitatu, mmoja wa buluu, mmoja wa machungwa, mmoja mweupe, kiasi kwamba bega la mtu au mgongo wa mbuzi unaonekana kama umewashwa kutoka ndani. Jua la Ugiriki adhuhuri ndivyo linavyofanya: halitoi vivuli laini, linakata. Upande huu mwanga, upande ule giza, na katikati kuna ukingo unaowaka. Wachoraji wengi wa Kaskazini wakifika huko hulipaka jua kwa rangi ya manjano, wakadhani wamemaliza. Craxton aliona kwamba tatizo halikuwa rangi, lilikuwa ukingo.

Alijifunza wapi? Kwa Picasso na Miró, ndiyo, na hakuficha. Kwa rafiki yake Nikos Hadjikyriakos-Ghika pia, Mgiriki aliyesomea Paris, ambaye nyumba ya ukoo wao ilikuwa Hydra na ambaye alizichora ngazi na kuta za kisiwa kile kama karatasi zilizokunjwa. (Nyumba hiyo iliungua mwaka 1961. Ilikuwa imewapokea wachoraji na waandishi wengi.) Lakini mwalimu mkubwa zaidi, kwa macho yangu, ni mafundi wasio na majina wa makanisa ya Bizanti, wale waliopanga vijiwe vidogo vya rangi ukutani hadi vikawa uso wa mtakatifu. Kwa fundi wa vijiwe hakuna kufutafuta wala kuchanganya. Kila kipande kina rangi yake na kinakaa jirani na kingine bila kuomba radhi. Mtazame mchungaji yeyote wa Craxton wa miaka ya 1950, utaona ameundwa hivyo hivyo. Kuna kejeli nzuri hapa: El Greco, mwana wa Krete aliyefundwa katika mila hiyo hiyo ya picha za watakatifu, alipanda meli kwenda Venice, Roma na hatimaye Hispania ili awe mchoraji mkubwa. Karne nne baadaye Craxton alipita njia ile ile akielekea upande wa pili.

Na bahari? Nilitegemea kuikuta kila mahali. Mchoraji wa visiwa, utasema, lazima awe na mawimbi, matanga na machweo. Konstantinos Volanakis, mzaliwa wa Krete aliyesomea Munich katika karne ya 19, alivichora hivyo vyote na Wagiriki wanamheshimu kama baba wa picha za bahari. Kwa Craxton bahari mara nyingi ni utepe tu wa buluu kati ya jiwe na jiwe. Inaingia kwa mlango mwingine: kwa samaki aliye mezani, kwa baharia aliyeshuka chomboni na njaa, kwa mvuvi aliyekaa na mikono yake mikubwa isiyojua ikae wapi ikiwa haina wavu. Mtu aliyekulia pwani atalielewa hili bila kufafanuliwa. Anayeishi na bahari haitazami kutwa nzima, anatazama kilichotoka baharini leo na bei yake. Machweo wanaangalia wageni. Ukitembea kwenye maduka ya picha ya Stone Town, Zanzibar, utakuta jahazi na jua jekundu ukutani mara hamsini, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanaozichora anayeitundika nyumbani kwake. Craxton alikuwa mgeni, lakini hiyo picha ya mgeni aliiepuka.

Picha yake kubwa ya miaka ya mwanzo ni Pastoral for P.W. ya mwaka 1948, ambayo sasa iko Tate, London. P.W. ni Peter Watson, yule mfadhili. Ni turubai pana zaidi ya mita mbili na nusu: mwanamuziki anapuliza filimbi, mbuzi wamemzunguka, milima na miti imekatwa kwa pembe kali. Inasimuliwa kwamba mpuliza filimbi ni Craxton mwenyewe na mbuzi ni marafiki zake, Freud akiwa mmojawapo. Kama ni kweli, huo ni utani wa hali ya juu. Ukikaa nayo, hata hivyo, unaona kuwa utulivu wake si wa bure. Mbuzi hawa hawamsikilizi wote. Wengine wamegeuka, wengine wanatafuta cha kula, na kuna wasiwasi fulani katika zile pembe na kwato, kana kwamba muziki ukikatika kila mmoja atakwenda zake. Mpuliza filimbi anaishikilia picha nzima kwa pumzi yake. Hapa furaha ni kazi inayofanywa na kutoa jasho, na ndiyo maana inasadikika.

Miaka mitatu baadaye alipewa nafasi ya kuionyesha Arkadia yake jukwaani. Aprili 1951 Frederick Ashton alitoa baleti ya Daphnis and Chloe kwenye ukumbi wa Covent Garden, kwa muziki wa Ravel, Margot Fonteyn akicheza Chloe, mapambo na mavazi ya John Craxton. Hadithi yenyewe ni riwaya ya kale ya Longus, mwandishi wa Kigiriki wa zama za Dola ya Roma: watoto wawili waliookotwa wanakua pamoja kisiwani Lesbos wakichunga mbuzi na kondoo, wanapendana bila kujua mapenzi ni nini, maharamia wanatokea, kisha mambo yanatengemaa. Ni kitabu kifupi na kitamu, na kama hujakisoma kitafute. Desturi ilikuwa kuwavalisha wahusika mashuka ya kale kama sanamu za makumbusho. Craxton aliwavalisha mashati, suruali na sketi, nguo ambazo ungezikuta kisiwani asubuhi ile ile. Wapo waliokasirika. Lakini uamuzi ule una hoja ndani yake: kwamba hao wachungaji wa vitabuni hawakufa, wako pale, wanangoja boti.

Hapa sasa wahakiki wake wakali wana haki ya kusimama, nami nitawapa nafasi.

Mwaka 1946, Craxton alipofika, ndio mwaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Ugiriki, vikaendelea hadi 1949. Ndugu walichinjana. Visiwa kadhaa vya Aegea, vile vile vya buluu na nyeupe, vilifanywa magereza ya wafungwa wa kisiasa. Krete nayo ilikuwa imetoka kwenye mikono ya Wajerumani: Juni 1941 walikiteketeza kijiji cha Kandanos, kusini magharibi mwa Chania, na Agosti 1944 wakaibomoa Anogeia, kijiji cha wachungaji kilicho juu mlimani, nyumba kwa nyumba. Craxton alipanda milima ya Krete miaka mitatu tu baada ya hapo. Wanaume aliowachora wakicheza ngoma, wakila, wakilala na fimbo pembeni, walikuwa na ndugu makaburini na pengine bunduki darini. Tafuta hayo kwenye picha. Huyaoni. Hata mapinduzi ya makanali, Aprili 1967, yaliyomfanya akae mbali na Krete kwa miaka kadhaa, hayakumwingia kwenye brashi. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa akibuni zulia kubwa la ukutani kwa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, likaitwa Landscape with the Elements, na ndani yake ni jua, mwezi, moto na mwamba. Yaani mtu amezuiwa kwake, anakaa kwenye mvua ya Uingereza, na bado anafuma jua.

Kuna kingine ambacho wengi hawakisemi. Wanawake wako wapi? Katika visiwa ambako wanawake walibeba maji, walisuka, walivuna mizeituni na kuwazika wanaume, Craxton anatuonyesha wanaume, mbuzi na paka. Wanawake ni wachache mno kwa mtu aliyeishi kule miaka mingi hivyo. Arkadia yake ina mlango mwembamba, na nusu ya kijiji imebaki nje.

Lakini swali hilo la wanaume lina jibu lake pia, na jibu hilo linabadilisha uzito wa kesi nzima. Craxton alipenda wanaume. Uingereza aliyozaliwa ilikuwa inawafunga watu kwa hilo hadi mwaka 1967. Ugiriki ilikuwa imeondoa sheria ya namna hiyo mwaka 1951. Jamii ya Krete haikuwa jamii ya kutangaza mambo hayo sokoni, bila shaka, lakini polisi hakugonga mlango. Kwa hiyo tunapomwona baharia wa Craxton ameegemea kiti, mabega yamelegea, anatazamwa kwa utulivu na kwa mapenzi, tukumbuke kwamba kule London kutazama tu namna hiyo kulikuwa na hatari. Mtu anayesema picha hizi ni za likizo hajajiuliza ni likizo kutoka wapi. Kijana yule wa Dreamer in Landscape, aliyefumba macho katikati ya majani yenye meno, alikuwa na sababu zaidi ya mabomu. Huko Ugiriki akafumbua macho, na hakuna kilichomla.

Je, hilo linafuta ukimya wake juu ya Kandanos na Anogeia? Kwangu halifuti. Ila linanifanya nisiuite ukimya huo uvivu. Zaidi ya hapo, wale wachungaji wenyewe walikuwa wakicheza. Hakuwazulia furaha. Watu waliochomewa nyumba huoana, huchinja mbuzi na kuimba hadi alfajiri, na mchoraji aliyealikwa harusini akichora harusi hajadanganya. Kosa lingekuwa kuchora harusi isiyo na watu ndani yake, nyuso tupu za mapambo.

Na kosa hilo, kwa bahati mbaya, aliwahi kulifanya. Kuna picha zake ambapo mbinu imemshinda mwenyewe. Zile nyuzi za rangi nyingi zinazozunguka kila umbo zinageuka kuwa desturi, kila jani linapata haki sawa na kila uso, na jicho halijui litue wapi. Unapata kitu kizuri cha kutundika, kama kitambaa cha pazia, lakini humkuti mtu. Katika mandhari zake kubwa za mabonde ya Krete nahisi hilo mara kwa mara. Freud aliyakwepa maradhi haya kwa sababu hakuwahi kuchoka kumkodolea macho mtu aliye mbele yake, hata kwa ukatili. Craxton alikuwa na huruma zaidi, na huruma wakati mwingine hulegeza mkono.

Dawa yake ilikuwa meza ya chakula. Alipoishia mezani alirudi kuwa mkali. Picha ninayoipenda kuliko zote ni Still Life with Three Sailors, aliyoishughulikia kati ya mwaka 1980 na 1985, wakati amesharejea Chania. Jirani na mji huo ni Souda, ghuba yenye kambi ya jeshi la wanamaji, na mabaharia wakipata ruhusa huingia kwenye mikahawa ya bandarini. Hapa wako watatu, sare nyeupe, meza imeinamishwa kutuelekea kama ilivyo kwenye picha za Bizanti, ili kila sahani ionekane. Sasa tazama jina. “Still life” ni aina ya picha ya vitu visivyo na uhai: tunda, chupa, samaki mfu. Craxton amewaweka watu watatu hai mezani halafu akaiita picha ya vitu, “pamoja na” mabaharia watatu, kama mtu anayesema: wali, na wageni kidogo. Ni mzaha, na mzaha huo una macho. Vijana hawa wana njaa na kesho meli inaondoka. Kwa saa hii moja kinachoendelea duniani ni chakula. Hakuna filimbi wala mungu wa porini. Ule mstari wake mgumu wa mwanga unapita kwenye kola ya sare, kwenye ukingo wa sahani, kwenye kidole, na kila kimoja kinastahili. Arkadia imeshuka kutoka mlimani ikaketi kwenye kiti cha mkahawa, na mwishowe kuna bili ya kulipa.

Wasomaji wengi wa fasihi wamemwona Craxton bila kujua. Yeye ndiye aliyechora majalada ya Patrick Leigh Fermor: Mani mwaka 1958, Roumeli mwaka 1966, A Time of Gifts mwaka 1977, Between the Woods and the Water mwaka 1986. Leigh Fermor ndiye yule ofisa aliyeongoza utekaji wa jenerali wa Kijerumani kisiwani Krete, Aprili 1944, kisha akaja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa safari wa karne iliyopita. Nathari yake ni ya kumwaga. Sentensi moja inabeba mnara, mzaituni, nasaba ya maaskofu na aina nne za kofia, na kabla haijafika mwisho imeshaingia bandari nyingine. Naipenda, lakini inachosha mapafu. Majalada ya Craxton yanafanya kinyume. Anachukua kitabu chote kile cha maneno na kukirudisha kwenye maumbo machache makubwa na rangi chache. Ukiyashika pamoja unahisi marafiki wawili wanabishana: mmoja anataka kila kitu kiingie, mwingine anataka kila kitu kionekane. Mwaka 2018 British Museum iliwaweka hao wawili na Ghika katika maonyesho mamoja, na ndipo wengi wakagundua kwamba “yule rafiki wa Freud” alikuwa na marafiki wengine pia. Ian Collins akatoa wasifu wake kamili mwaka 2021, kitabu chenye masimulizi mengi ya pikipiki na karamu, pengine mengi kuliko yanavyohitajika, lakini ni hicho kinachomtoa Craxton kwenye tanbihi. Kisha Pallant House ya Chichester ikampa ukumbi kuanzia mwishoni mwa 2023.

Kwa aliye mbali na hizo kumbi, na wengi wetu tuko mbali, Tate wameziweka picha zao mtandaoni. Man with a Thistle ya Freud ni mali yao, na Pastoral for P.W. ya Craxton ni mali yao. Zifungue zote mbili, moja kando ya nyingine, zikiwa zimepishana miaka miwili tu. Anza na ile ya mbuzi. Kaa nayo muda wa kutosha kuwahesabu, na uangalie ni yupi kati yao aliyeacha kusikiliza filimbi.